Chuma Kilichobaki Kegonga

Mimi mtu wa kutulia sijawahi kuwa. Mama husema hata tumboni nilimchosha. Lakini mwaka ule tuliotafuta gari nilizidi kipimo. Nilikuwa naamka na gari kichwani, napima maharagwe ya wateja pale sokoni Homa Bay huku jicho liko barabarani, na kila gari dogo lililoinuka kidogo kutoka ardhini lilinisahaulisha nimefika kilo ya ngapi. Kuna wateja waliofaidika na hilo na wakanyamaza. Mungu anawaona.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Figo za mama zilikuwa zimeacha kazi. Mara mbili kwa wiki alitakiwa kulala kando ya mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja pale mjini, sindano mkononi, asubuhi mpaka mchana upinduke. Akikosa mara moja, miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Akikosa mara mbili mfululizo, daktari alituambia bila kuzunguka, tusije tukashangaa. Na mama alikuwa anaishi Lambwe, ndani kabisa ya bonde, ambako udongo ni mweusi na mvua ikinyesha barabara inakuwa kama uji wa wimbi.

Mtu wa mbali ataniuliza: si ungemchukua tu mama yako ukakaa naye mjini? Kwani unafikiri sikujaribu? Nyumba yetu iko karibu na hospitali hiyo kiasi kwamba ukisimama mlangoni unaona paa lake. Lakini nyumba ni ya mume wangu, na mama ni mama mkwe wake. Kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Atakuja mchana, atakunywa chai, ataketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na jua likianza kushuka atasimama na kujifunga leso yake. Kulala chini ya paa moja na mwanamume aliyemwoa binti yake, aone kitanda chao, amsikie akikoroma? Yaye! Hilo huleta chira, ile laana inayomfuata aliyevunja mwiko mpaka kwa watoto. Na sisi tulizaliwa wasichana watupu. Hakukuwa na nyumba ya mtoto wa kiume popote ambako mama angelala bila aibu. Kila mlango wa binti yake ulikuwa mlango wa mkwe.

"Lakini mkwe wako hata hayupo," nilimwambia siku moja, kwa sababu mume wangu anafundisha Migori na hurudi Ijumaa. "Yuko Migori wiki nzima."

"Na kitanda chake pia kiko Migori?" mama akaniuliza.

Mama ni Msabato wa kweli, mtu wa kanisa tangu usichana wake, na kanisani kwao hakuna aliyemkataza. Mchungaji wake mwenyewe alimwambia Mungu hana shida na jambo hilo. Mama akaitikia amina, na jioni akapanda bodaboda akarudi Lambwe.

Bodaboda ndiyo ilikuwa gari letu mwanzoni. Mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kwa sababu akitoka kwenye mashine huwa amelegea mwili mzima. Siku aliposinzia tukiwa kwenye mteremko nikahisi kichwa chake kinaning'inia upande, niliapa. Nikamwambia mume wangu tunanunua gari, na si gari la kuvutwa na magurudumu mawili ya mbele kama lile la jirani tulilokuwa tunaazima, ambalo likiona tope linapiga magoti. Gari dogo, tunaloweza kulilisha, lakini linalovuta kwa magurudumu yote manne. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Sawa, lakini usinikimbize." Nikamkimbiza.

Nilianzia Oyugis, ambako broka mmoja alinionyesha gari lililopakwa rangi mpya kabisa, linang'aa. Nilivuta mlango, mkono wa mlango ukabaki kiganjani mwangu. "Mathe, hiyo ni kitu ndogo," akasema, akaupokea na kuutia mfukoni kana kwamba nimemrudishia chenji. Migori nako nikaonyeshwa jingine lenye zulia jipya ambalo chini yake lilinuka mafuriko. Na kila nilikokwenda mwenye gari alikuwa mwanamke, mwalimu, analiendesha kwenda kanisani tu. Mwishowe nilimuuliza mmoja wao, "Huyo mwalimu wenu mbona ana magari mengi hivyo?" Wenzake wakamcheka, yeye akanuna. Nikarudi Homa Bay mikono mitupu, nimekasirika na dunia nzima.

Gari lenyewe lilipatikana Kegonga, ambako huwa naenda kununua mahindi na maharagwe. Mzee mmoja Mkuria, tunayefanya naye biashara kwa Kiswahili kwa sababu mimi Kikuria sijui na yeye Kijaluo hataki, aliniambia ana gari kama ninalolitaka na analiuza kwa kuwa anahitaji pikapu ya mazao. Ni mzee wa kanisa, mtu asiyedanganya kwenye mizani. Nikampigia fundi wangu wa Migori pale pale nimesimama kati ya magunia.

Hapo ndipo tulipopatikana. Siku fundi aliyokuwa na nafasi ilikuwa Jumamosi. Mzee akasema Jumamosi haiwezekani, Sabato hauzi hata yai. Njooni Jumapili. Fundi naye ni Mkatoliki, na Jumapili hiyo alikuwa awe baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mimi nikawabembeleza wote wawili kama mtu anayepatanisha wanandoa, mpaka fundi akakubali kuja Kegonga baada ya misa ya kwanza, kabla ya sherehe. Akaja. Akaja na suti ya rangi ya maziwa, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja wa mzee ulikuwa mbichi, samadi ya ng'ombe kila mahali. Fundi alifungua boneti, akasikiliza injini ameinamisha kichwa, akanusa mafuta, akashika bomba la moshi kwa leso, akatikisa magurudumu moja moja kwa ncha za vidole. Akaliendesha hadi sokoni na kurudi. Kisha akasimama kando ya gari, akatazama chini, akatazama suruali yake, akatazama tena chini. "Chini nako ni sawa," akasema akiwa wima vile vile. Nilifungua mdomo nimwambie alalie gunia, na magunia hapo yalikuwa tele, lakini mke wa mzee akatoka na chai, watu wakashukuru, na maneno yakageukia ubatizo.

"Hii gari haili mafuta," mzee alirudia mara nyingi. Hata wakati tunaagana alilisema tena.

"Na inavuta zote nne?" nikamuuliza.

"Ilitoka Japani hivyo," akajibu.

Kulikuwa na kitufe karibu na usukani. Ukikibonyeza, taa ya kijani inawaka, kigari kidogo kilichochorwa na magurudumu yake manne. Nilikibonyeza njia yote mpaka Migori, kuwasha na kuzima, nikicheka peke yangu.

Nililipeleka Lambwe kabla halijalala mjini. Mama alilizunguka polepole, akaweka mkono juu ya boneti na kuomba maombi marefu sana, akataja matairi, akataja breki, akataja walevi wa njiani mmoja mmoja kwa tabia zao. Kisha akafungua mlango wa nyuma upande wa kushoto na kuketi. Hicho kikawa kiti chake.

Siku ambazo mume wangu alikuwa nyumbani na akashika usukani, mambo yalikuwa sinema. Kwanza aligeuza kioo cha ndani kikaangalia paa, ili macho yake na ya mama mkwe yasikutane, halafu akirudi nyuma anatoa kichwa dirishani. Miaka yote ya ndoa yetu wawili hao hawakuwa wamesemeshana ana kwa ana zaidi ya salamu ya mbali. Waliongea kupitia kwangu, ndani ya gari lile dogo ambalo ukipiga chafya wote mnaloa.

"Mwambie mama kuna tuta mbele," mume wangu anasema.

"Mama, kuna tuta mbele."

"Mwambie nimelisikia," anasema mama.

"Amelisikia."

Basi ndivyo tulivyokuwa tunasafiri, mimi nikitafsiri Kijaluo kwa Kijaluo. Nilikuwa nacheka, lakini kuna siku zilinichosha mpaka nikatamani kushuka niwaache humo wenyewe.

Kiangazi kizima gari lilitutendea haki. Mama alikuwa anafika hospitalini nguo zake zikiwa safi na kurudi kwake jua likiwa bado lipo. Aliyekosa raha ni mimi. Nilikuwa nasikia kila kitu. Kuna kelele iliyokuwa inatoka nyuma kulia, ng'wi, ng'wi, ng'wi, nikabadilisha bushi, zile raba zinazoshika vyuma vya chini. Ikahamia kushoto, nikabadilisha shokabzoba. Nikaenda Migori kutafuta bushi nyingine za aina nzuri zaidi, nikarudi nazo, kelele ikaendelea, mume wangu akaingiza mkono chini ya kiti akatoa chupa tupu ya soda. Akanikabidhi. Nikamwambia bushi zilikuwa zimechoka hata hivyo.

Jambo moja tu lilinipa kiburi, nalo ni mafuta. Wenye magari kama langu walikuwa wanalia. Nilikutana nao gereji, watu wazima, wanasema gari hizi zinakunywa kama ng'ombe waliotoka malishoni. Langu lilikuwa linanusa tu. "Wewe unaendeshaje?" wakaniuliza. Nikawaambia ni mguu, mtu awe na mguu mwepesi. Nikawaonyesha na namna ya kukanyaga. Ai yawa, nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mvua za Aprili zilipokaribia sikulala vizuri. Nilikuwa natoka nje kutazama mawingu upande wa Lambwe, naingia, natoka tena. Mume wangu alikuwa ameshafunga shule na kurudi, akaniambia, "Si hii ndiyo siku tuliyolinunulia gari?" Kweli. Lakini mvua ilianza kwa hasira, na siku ya kwanza ya mama kwenda hospitali kijito cha njiani kilijaa mpaka hakuna kilichopita, si gari, si mtu. Akakosa. Jirani yake aliponipigia simu alisema miguu imejaa na usiku mama alikaa tu kitandani kwa sababu akilala hapumui. Nilimsikia mama nyuma akisema, "Usimtie hofu." Mimi hofu nilikuwa nayo tayari ya kutosha kijiji kizima.

Siku iliyofuata ya mashine tulikwenda wote wawili, asubuhi, mvua ilipopumzika na kijito kikashuka. Kuingia tuliingia, kwa kuteleza zaidi kuliko kuendesha, kwa kuwa njia ile inashuka. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, amevaa nguo yake ya kanisani, uso umevimba. Nilipomshika mkono kidole changu kiliacha shimo. Tukamweka nyuma kushoto, na kabla sijafunga mlango wake mvua ikarudi.

Nilishika usukani mimi. Tulikwenda vizuri mpaka pale njia inapoanza kupanda kuelekea lami, ambapo unaanza kuona malori yakipita mbali juu yakielekea Mbita. Hapo gari likapunguza, likayumba, likakaa.

"Bonyeza kitufe," akasema mume wangu.

Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, kigari na magurudumu yake manne, maridadi kabisa. Nikakanyaga. Injini ikalia, tope likaruka mpaka kwenye kioo cha mbele, na sisi tukazidi kuzama. Mume wangu akavua viatu, akashuka, akazunguka nyuma kusukuma. Nikakanyaga tena. Akapiga kelele nisimamishe.

"Ya nyuma hayazunguki," akasema.

"Yanazunguka! Taa imewaka!"

"Taa ni taa. Nakuambia hayazunguki, nimeweka mkono juu ya tairi."

Akalala kwenye tope lile, shati lake na kila kitu, akaingiza kichwa chini ya gari. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekwenda kuamsha mgeni akakuta kitanda kitupu. "Kile chuma kirefu cha katikati," akasema. "Propela. Kile kinachopeleka nguvu nyuma. Hakipo. Ni uwazi mtupu."

Nilielewa yote kwa mpigo. Haili mafuta! Kumbe gari lilikuwa linavuta mbele tu, nyuma inabebwa kama abiria! Nilimtukana mzee wa Kegonga, nikaitukana suti ya rangi ya maziwa, nikamtukana aliyevumbua ubatizo wa Jumapili, Mungu anisamehe, mama yangu akinisikiliza. Nilipiga usukani mpaka honi ikalia. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilisikia nyuma yangu mama anavyopumua. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Hakukuwa na bodaboda ambayo ingeingia mle. Hakukuwa na mtu. Ng'ombe wa watu walikuwa mbali upande wa ua wa mbuga ya wanyama, wamejikunyata. Tulichokuwa nacho ni ile lami kule juu, na mama ambaye akitembea hatua chache anasimama kutafuta hewa.

"Nitambeba mimi," nikasema. Nikainama, akanipanda mgongoni, nikaenda. Mama si mzito, lakini maji yalikuwa yamemjaa, na tope lile linashika mguu kama lina deni nawe. Sikufika mbali. Nilianguka kwa magoti, naye akaanguka nami, mikono yetu yote ndani ya matope. Hakulia. Alifuta uso wake kwa nyuma ya mkono na kusema, "Pole, mwanangu." Ananipa pole mimi.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele yetu, ametupa mgongo. Kwa adabu yake hakuwa amegeuka kumtazama mama mkwe wake akiwa chini vile. Nikamwona anatazama lami, anatazama miguu yake.

"Mwambie mama..." akaanza. Akaacha. Mvua ilikuwa inampiga kichwani. Kisha bila kugeuka akachuchumaa kwenye tope, akarudisha mikono nyuma, na kusema yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, "Mama. Panda."

Mama alinitazama. Mimi sikuweza kumwambia ndiyo wala la; nilikuwa nataka tu aishi, na niliona haya kulisema. Basi nilimsaidia kusimama. Akamfikia mkwe wake, akasimama nyuma yake. Akaivua leso yake begani, ikiwa imelowa chapachapa, akaikunjua, akaitandaza juu ya mgongo wa mume wangu kuanzia shingoni, akainyoosha na kona zake, ili kifua chake kisimguse. Ndipo akapanda.

Nilifuata nyuma nimebeba mkoba wa hospitali na viatu vya wote. Mama alifumba macho njia nzima. Mume wangu alikuwa anatafuta pa kukanyaga kwa vidole, na kila mara anasema, "Mama, hapa kuna shimo, shika vizuri," "Mama, hapa nateleza kidogo, usiogope." Anamwambia yeye. Hakuna aliyenihitaji kutafsiri. Nililia mpaka lami, kwa sauti, kwa hasira na kwa aibu na kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwa mtu yule mwenye tope mpaka masikioni. Sikujali.

Mtu mmoja aliyekuwa anapeleka nyanya mjini alitusimamishia pikapu yake. Hospitalini muuguzi alianza kutugombeza kwa sakafu tuliyoichafua, kisha akamtazama mama usoni na kuacha, akamkimbiza ndani. Walipomfunga kwenye mashine na nikaona damu yake inaanza kuzunguka kwenye mipira ile, nikakaa sakafuni pale pale.

Lakini mimi kukaa siwezi. Nilitoka kwenye veranda nikampigia mzee wa Kegonga, nimejiandaa kumpasua masikio.

"Propela iko wapi?" nikamuuliza hata salamu sijamaliza.

"Ile chuma? Iko hapa," akasema, ametulia kabisa. "Niliitoa zamani. Gari ilikuwa inakula mafuta sana. Si nilikuambia sasa haili?"

"Mzee, kwa nini hukuniambia umeitoa?"

"Wewe hukuuliza chuma, uliuliza zote nne, nikakujibu ilitoka Japani hivyo. Fundi wako alisema chini ni sawa, mimi nikajua mmekubali." Nikasikia anaita mtu kwa Kikuria, kisha akarudi. "Njoo uchukue wakati wowote, mama. Ni yako. Sasa hivi imefungia zizi, lakini nitatafuta mti mwingine."

Nikakata simu. Chuma cha gari langu kilikuwa kinazuia ng'ombe wa mtu wasitoke. Ningecheka, lakini siku hiyo sikuwa na cheko.

Mama alipotoka kwenye mashine uso ulikuwa umerudi kuwa wake, na nje mvua ilikuwa haijaacha. Yule wa nyanya alikuwa ametuambia kijito cha Lambwe kimefunika njia tena. Mama akauliza gari liko wapi. Nikamwambia liko pale pale tulipoliacha.

"Basi nitalala hapa kwenye benchi," akasema.

"Mama, nyumba yangu ile pale! Unaiona paa!"

"Naiona. Si yako."

Nilianza kupandisha sauti, na muuguzi akaanza kututazama. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, shati limemkaukia mwilini na udongo wake. Akasema, tena bila kunipitia mimi, "Mama, wewe utalala ndani. Mimi nitarudi Lambwe nikalale kwenye gari. Hata hivyo linahitaji mtu, wasije wakalifungua taa."

Mama alimtazama. Nasema alimtazama: aliinua uso na kumtazama machoni, na mimi nikageuka pembeni kana kwamba nimewakuta wakivaa.

"Urudi kule kwenye tope," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mgongo huo."

Mama akakaa kidogo, anakunja na kukunjua ncha ya leso yake iliyojaa udongo. Kisha akanishika bega akasimama. "Twende," akasema, akatangulia. Getini nilidhani ataulizia gari la kwenda Lambwe. Alipita magari yote, akakata kona ya kwetu, akaenda mpaka mlangoni, na aliponisikia nahangaika na funguo akaniambia nifanye haraka, kuna baridi.

Alilala na wajukuu zake kwenye chumba cha watoto. Mume wangu alilala nyumbani mwake. Asubuhi kabla ya kuingia sebuleni alikohoa mlangoni, kama mtu anayebisha hodi, na mama akamwambia aingie, uji unapoa.

Tangu siku hiyo mama hulala kwetu kabla na baada ya mashine, na kiangazi na masika ni mamoja. Gari tulilivuta kwa trekta la jirani wa kule bondeni. Nilikwenda Kegonga mwenyewe, nikampa mzee mti wa mkaratusi wa kufungia zizi, naye akanipa propela yangu na debe la maharagwe juu yake. Fundi aliifunga akiwa amelala chini, na mimi nikiwa nimesimama juu yake mpaka alipomaliza. Sasa gari linavuta zote nne. Linakula mafuta vibaya sana. Siku nyingine nalitoa tu bila kazi, napita kwenye matope ya kiwanda cha matofali nikaone kama linatoka, linatoka, narudi nyumbani, na bado sina raha.

Habari zilifika Lambwe haraka, kama zinavyofika. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alinipigia simu Jumapili moja tukiwa sebuleni wote. Alikuwa anaongea kwa sauti ya mkutano. Wazee wa ukoo wamekaa, akasema. Wamesikitika. Mama yangu anajua anachokifanya? Anataka kuwaletea wajukuu zake chira? Akumbushwe nyumba aliyojengewa, arudi akalale kwake siku zote kama mjane mwenye heshima.

Mama aliyasikia yote, simu yangu haina siri. Akanyoosha mkono.

"Nimekusikia," akamwambia shangazi, kwa upole kabisa. "Nitarudi. Waambie hao wazee waje wanibebe."

Akanirudishia simu, akamgeukia mume wangu, akamuuliza kama chai imetosha sukari.